Sarafu Zilizosuguliwa kwa Ukwaju

Kaka yangu alifariki Jumapili alfajiri na tukamzika siku hiyo hiyo baada ya adhuhuri. Mkewe akaanza kukaa eda katika chumba chao cha nyuma, kule Junda, Kisauni. Mimi nilirudi kwangu Changamwe na jozi ya viatu vyake vya kazi mkononi, kwa sababu hakuna aliyejua pa kuviweka.

Kwetu eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Mwanamke hatoki katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe ila kwa dharura. Havai dhahabu, hajitii manukato wala wanja, na mwanamume ambaye sheria inamruhusu kumwoa haonani naye uso kwa uso. Ndugu wa mume ni mmoja wao. Basi tangu siku ile nilizungumza na shemeji yangu kupitia pazia la mlango wa chumba, kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, mimi nikiwa ukumbini kwenye kiti cha plastiki. Kutoka upande wake nilipata sauti, na mara moja moja mkono hadi kifundo, ukinipa kikombe cha chai au kukipokea.

Hawakujaaliwa mtoto. Dada yake mkubwa alikuwa Timbwani, ng'ambo ya kivuko, na miguu ilikuwa imemshinda. Jirani mmoja wa kike alimletea maji na samaki. Shughuli zote za nje zikawa zangu, nami nilikwenda Junda kila Jumamosi na kila Jumapili.

Siku ya hamsini na mbili ilibandikwa karatasi mlangoni. Nasema ya hamsini na mbili kwa sababu nilikuwa nikihesabu. Yeye alihesabu kwa upande wake na mimi kwa upande wangu, ili tusije tukakosea.

Kaka aliinunua nyumba ile kwa namna ambayo watu wengi huku kwetu hununua nyumba: kuta na mabati ni yako, ardhi iliyo chini yake ni ya mtu ambaye hujapata kumwona. Tunaiita nyumba bila ardhi, na tunaitamka kama aina ya kawaida ya nyumba, kama vile mtu anavyosema nyumba ya makuti. Karatasi ilisema mwenye hati ameshinda kesi. Nyumba zote za mstari ule zihamwe katika muda wa siku ishirini na moja, na baada ya hapo zitavunjwa.

"Umeisoma, shemeji?" aliniuliza kutoka ndani.

"Nimeisoma."

"Wasemaje?"

"Siku ishirini na moja."

Nilisikia akipiga hesabu kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeshaipiga. Ingekuwa siku ya sabini na tatu, na siku hamsini na saba zingekuwa zimesalia.

"Hawajui kuwa niko eda?"

"Hawajui."

"Basi waambie."

Niliwaambia. Nilikwenda kwa chifu, akanielekeza kwa wakili wa mwenye hati. Wakili hakuwapo. Karani wake alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akaweka kalamu chini.

"Pole sana, mzee. Lakini kila nyumba ina lake. Yule ana mgonjwa, huyu ana mtoto wa mtihani. Wewe una eda. Nikimwachia mmoja nitawaambia nini wengine?"

"Ni siku hamsini na saba tu."

"Hata ingekuwa saba," akasema, na akaishika tena kalamu.

Nilipomletea shemeji habari hiyo hakulalamika. Alisema tu ningoje. Nikasikia sanduku likifunguliwa, na bati la biskuti, zito kuliko lilivyostahili kuwa, likasukumwa chini ya pazia.

"Hizo ni zile pesa za kale alizozitoa shimoni kaka yako, tulipochimba choo kipya. Alisema nisizitupe wala nisimpe mtu. Wewe si uliwahi kufanya kazi ya pesa za kale bandarini? Nilisikia redioni kuna mahali barabara ilisimamishwa kwa ajili ya makaburi ya zamani. Watu wa mambo ya kale walikuja wakasema hapa pasiguswe, na pakaachwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa rai yake, na haikuwa rai mbaya. Ofisi ya mambo ya kale ina uwezo wa kuomba kazi isimame kwa miezi mitatu ardhi ichunguzwe. Hakuwa akitaka kuishinda kesi. Alitaka amalize eda yake katika nyumba ya mumewe, baada ya hapo wavunje wanavyotaka. Miezi mitatu ingetosha na kubaki.

Kweli niliwahi kuifanya kazi hiyo. Nilikuwa mwandishi wa habari kwa miaka kumi na minane, na gazeti lilipopunguza watu nikapata kazi ya kuandaa karatasi katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha karibu na Kipevu. Mwaka mmoja sanduku la sarafu za kale, mali ya mgeni aliyekuwa akihamia pwani, lilizuiliwa, na forodha wakataka orodha ya kila kipande. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa na subira. Mhadhiri mmoja alinifundisha kwa simu, picha kwa picha, kwa wiki sita. Tangu hapo sikuisahau, kama mtu asivyosahau kuendesha baiskeli.

Sarafu za shaba za Warumi wa zama za mwisho ni ndogo, nyingi hazifikii ukubwa wa shilingi yetu. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme kikitazama kulia, kimefungwa taji la ushanga. Vichwa vyote vinafanana, na anayeanza na kichwa hupotea. Mtu huanza na upande wa pili. Askari wawili wamesimama na bendera mbili katikati yao. Miaka michache baadaye ni askari wale wale, lakini bendera ni moja na sarafu yenyewe imepungua, kwa sababu serikali ilikuwa ikibana shaba. Baada ya hapo anakuja askari anayemchoma mkuki mtu anayeporomoka kutoka juu ya farasi. Ukishaijua picha umeshapata miaka, kwa kukosea kumi au ishirini. Kisha unashuka chini ya mstari waliposimama wale askari. Hapo kuna herufi tatu au nne, ndogo kama ufuta, nazo zinataja mji uliofua sarafu. ALE ni Iskandaria. ANT ni Antiokia. CONS ni mji ambao leo unaitwa Istanbul. SMK na SMH ni miji miwili ya jirani yake, kwenye mwambao wa bahari ile nyembamba inayopanda kuelekea Bahari Nyeusi.

Hazisomwi kwa taa. Husomwa kwa jua la asubuhi likija kwa ubavuni, ili kila kilichoinuka kitupe kivuli. Jumapili ile nilikaa dirishani Changamwe kuanzia saa moja, na kioo cha kukuzia, kijiti cha meno na daftari lenye mistari. Zilikuwa arubaini na mbili. Ishirini na sita zilisomeka bila kusafishwa. Picha zilikuwa zile zile ninazozijua, za wafalme waliotawala zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kuzaliwa Mtume. Ukweli wa sarafu haukuwa na shaka, na kwa saa nzima nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu mazishi.

Kisha nikafika kwenye safu ya miji. CONS, CONS, SMH, SMK, CONS. Nilizijaza zote ishirini na sita, nikarudi juu nikazihesabu tena. Hapakuwa na ALE hata moja. Hapakuwa na ANT hata moja. Pesa ya Warumi iliyofika pwani yetu zamani zile ingekuja kwa Bahari ya Shamu, na njia ya Bahari ya Shamu huanzia Misri. Ingekuwa ajabu arubaini na mbili zisafiri hadi Junda bila ya Iskandaria kutia mkono wake.

Nikaanza kutazama uchafu badala ya sarafu. Juu palikuwa na udongo mwekundu, ule wetu wa mchanga, wenye chembe nyeupe za matumbawe. Ulipukutika nilipoupulizia. Chini yake palikuwa na ganda jingine, la manjano, gumu kama saruji, lililoingia hadi ndani ya masikio ya wafalme. Kijiti hakikuweza kuling'oa. Ganda la manjano lilikuwa limekaa mahali pake kwa karne nyingi. Wekundu ulikuwa umepakwa.

Kaka yangu alikuwa baharia. Miaka yake ya mwisho kazini alikuwa kwenye meli za ngano zilizokwenda kupakia Bahari Nyeusi. Aliwahi kuniambia, tumekaa barazani kwangu, kwamba kule sokoni nje ya bandari kuna mwanamke mzee auzaye pesa za wafalme kwa kikombe, kama kunde. Nilicheka. Mtu aliyeishi kwa kuuliza maswali angemuuliza kama alinunua, na mimi sikumuuliza.

Hivyo kufikia saa tano nilikuwa nimejua. Alizinunua kwa kikombe, akazihifadhi, na choo kilipochimbwa akashuka shimoni peke yake, fundi akiwa amekwenda kuswali Ijumaa, akapanda juu na kiganja kilichojaa. Alizipaka udongo wetu. Alikuwa amemdanganya mkewe, na kabla ya hapo alikuwa amekusudia kuidanganya serikali.

Nililiacha daftari wazi hadi alasiri. Orodha ya namna ile ina safu ya mwisho yenye kichwa cha habari "mahali zilipopatikana." Mhadhiri alinifundisha kwamba safu hiyo ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu sarafu bila mahali pake ni kipande cha shaba tu. Ningeweza kuiacha tupu. Niliandika: "Kwa maelezo ya mjane, zilitolewa na marehemu katika shimo la choo uani kwake." Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nimeandika sentensi nyingi za namna hiyo maishani na wahariri walizipenda.

Jumatatu nilipeleka orodha katika ofisi ya mambo ya kale. Waliisoma mbele yangu, wakaitana, wakaniuliza kama sarafu bado zina udongo wake. Nikasema zinao. Wakasema mtaalamu atakuja Junda Jumanne ya wiki iliyofuata kuziona na kupaona, na nizirudishe pale zilipokuwa.

Nilimrudishia shemeji bati lake, nikamwambia mgeni anakuja. Sikumwambia asiziguse. Ningemwambia hivyo angeniuliza kwa nini, ningelazimika kuzungumza juu ya udongo, na juu ya udongo sikuwa tayari kuzungumza naye. Nilijiambia kwamba ziko ndani ya bati, na bati liko ndani ya sanduku.

Jumanne ilikuwa siku ya sitini na sita. Mtaalamu alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mtu wa bara kwa matamshi yake, mpole. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akanisalimia shikamoo, nikamwitikia, akaingia nyuma ya pazia kwa kuwa yeye mwanamke. Mimi nilibaki kwenye kiti changu, nikisikiliza.

"Karibu, mwanangu. Keti hapo kitandani. Utaniwia radhi, hata udi siwezi kukutilia, niko eda."

"Usijali, mama. Pole kwa msiba. Nimekuja kuona zile sarafu."

"Ziko tayari. Nimekuandalia."

Sahani iliwekwa juu ya kitu, na sarafu zikagongana. Mlio wake ulikuwa mkali, kama pesa za dukani. Nilisimama bila kujua kwamba nimesimama.

Nilisikia sarafu moja ikiinuliwa na kurudishwa sahanini.

"Mama, hizi zimesafishwa na nani?"

"Na mimi. Jana kutwa. Kwa ukwaju na jivu, kama masinia ya shaba. Mbili tatu zilikuwa kaidi, nikazilaza kwenye ukwaju hadi asubuhi."

"Zote?"

"Zote. Zilikuwa na tope, mwanangu, hata uso wa mtu hauonekani. Mgeni aja na kalamu yake na karatasi zake, mimi nimwekee tope mbele yake? Ningekuwa mtu wa namna gani?"

"Si kosa lako," binti akasema. Nilimsikia akipumua. "Wewe ulitaka ziwe nzuri."

"Si nzuri?"

"Zinang'aa, mama."

Nililelewa katika nyumba ambayo kabla ya harusi au maulidi wanawake walikaa uani na madumu ya ukwaju uliorowekwa, wakasugua masinia, mabuli na vyetezo mpaka mikono ikababuka. Hakuna shaba iliyopelekwa mbele ya mgeni ikiwa na kutu. Nilijua jambo hilo kabla sijajua kusoma. Nilipomwambia shemeji yangu kwamba mgeni anakuja kuona shaba zake, ni kana kwamba nilimwambia azisugue, na nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote.

Binti alitoka na sahani. Sarafu zilikuwa na rangi ya waya mpya wa umeme. Ukwaju ulikuwa umekula ganda la manjano pamoja na nyuso zilizokuwa chini yake. Askari walibaki vivuli, na chini ya miguu yao, zilipokuwa herufi, palikuwa laini kama kifungo cha shati.

"Hukumwambia, mzee?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sikumwambia."

"Orodha yako ni nzuri, na ninaiamini. Hizi zilikuwa sarafu za kweli. Lakini sarafu haiwezi kuniambia ilitoka wapi. Udongo wake ndio ungeniambia, na sasa hakuna."

Niliona ahueni. Nalisema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: jambo la kwanza nililolihisi, mbele ya sahani ile, ni kwamba sasa hakuna atakayeuona udongo wa manjano na kumwita kaka yangu mlaghai. La pili ndilo nililopaswa kulihisi kwanza, nalo lilikuwa nyuma ya pazia likituuliza kama chai iletwe.

Binti hakutaka kuondoka hivi hivi. Alirudi Alhamisi na wachimbaji wawili na ungo wa waya, wakachimba shimo la mita moja kwa mita moja karibu na choo. Alifanya kazi yake kwa haki, kutoka asubuhi hadi saa kumi, akichuja kila karai. Dirisha la chumba cha shemeji lilitazama uani lakini alilifunga kwa sababu ya wale wanaume, kwa hivyo aliifuata kazi kwa masikio.

"Wamepata?" aliniuliza saa nne.

"Bado."

"Wamepata?" Ilikuwa baada ya adhuhuri.

"Bado, shemeji. Wanakwenda polepole."

"Waambie pale aliposhuka yeye palikuwa upande wa mpapai."

Niliwaambia. Walisogea upande wa mpapai. Walipata magamba ya chaza, makaa, kandambili ya mguu wa kushoto na vifuniko vya soda, kisha mwamba wa matumbawe ambao haujapata kuguswa na mtu. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Barua ilikuja Jumatatu, fupi na ya haki. Sarafu zilizooneshwa ni za kale lakini asili yake haiwezi kuthibitishwa. Uchunguzi wa eneo haukuonesha dalili za makazi ya kale. Ofisi haina msingi wa kuomba kazi isimame. Nilimsomea nzima kupitia pazia, pamoja na tarehe na nambari ya kumbukumbu, kwa kuwa sikujua niishie wapi.

"Ningeziacha na tope lake," akasema.

"Hukujua."

"Sikujua," akakubali, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeandikisha maelezo.

Kesho yake, Jumanne ya siku ya sabini na tatu, saa tatu asubuhi, tingatinga lilianza kwenye nyumba ya mwisho wa mstari. Sheikh wa msikiti alikuwa ameshatoa jawabu: nyumba ikivunjwa hiyo ni dharura, mjane ahamie kwa jamaa aliye salama, aende mchana, moja kwa moja, na aendelee na siku zake huko huko. Shemeji alilisikia jawabu hilo na bado hakutoka. Alikaa mpaka mabati ya nyumba ya pili kutoka kwake yalipoanza kushuka. Ndipo akatoka, amejifunika gubigubi, akatazama chini njia nzima hadi kwenye gari. Watu waliokuwa wakibeba magodoro yao walimpisha.

Nilikuwa nimekodi teksi na kutundika shuka kati ya viti vya mbele na vya nyuma, na nyingine kwenye vioo. Tulitoka Kisauni tukaingia mjini, tukashuka hadi kivukoni. Mwanamke aliye edani hapaswi hata kusimama mlangoni mwake, na yeye alikuwa katikati ya watu elfu, baiskeli, mikokoteni na malori, akitenganishwa nao kwa shuka mbili za kitanda. Feri ilipoondoka dereva alishuka akaegemea mlango wake, avute hewa.

"Shemeji," akasema nyuma yangu.

"Naam."

"Yule binti alisema zilikuwa za kweli."

"Zilikuwa za kweli."

"Basi mbona hawakupata nyingine?"

Wakati huo hapakuwa na kitu cha kuokoa. Nikamwambia. Nilimwambia kwa mpango, kama nilivyozoea: miji iliyoandikwa, njia ya Bahari ya Shamu, udongo wa rangi mbili, mwanamke wa sokoni na kikombe chake. Sikusema kaka alidanganya. Nilisema zilitoka safarini, akazitia shimoni mwenyewe.

"Wajua, au wakisia?"

"Najua."

"Toka lini?"

"Toka Jumapili ile, baada ya kunipa bati."

Nilingoja anilaumu, na nilikuwa nimejiandaa kwa lawama hiyo, kwamba nilimwacha ashinde na ukwaju bure. Haikuja. Alikuwa kwenye jambo jingine.

"Choo tulikichimba mwaka juzi," akasema. "Shaabani."

"Ndiyo."

"Mwaka juzi palikuwa hapana karatasi. Hapana kesi. Hapana mtu aliyekuja kupima."

Katika siku zote zile nilizokaa na kioo, daftari na safu zangu, nilikuwa nimejiuliza zilitoka wapi, zilifuliwa lini na nani alizipaka udongo. Sikujiuliza kwa nini mtu achimbie kinga ya nyumba yake mwaka mzima na zaidi kabla nyumba haijatishwa.

"Kwa hivyo alikuwa ameshaambiwa," akasema.

"Inaelekea."

"Alikuwa yuajua, na hakuniambia." Sauti haikupanda. "Mwaka juzi ule ule naliuza bangili za mamangu, nikapiga plasta chumba na ukumbi. Alikuwapo. Ndiye aliyemshikia fundi ngazi."

Feri iligusa ng'ambo. Dereva akaingia, akawasha gari, tukapanda pamoja na umati. Tukafika Timbwani. Dada yake alikuwa amekaa mlangoni na mkongojo wake, akanyoosha mkono. Shemeji alishuka akiwa na mfuko mmoja na msahafu. Nilimteremshia vilivyobaki nikavipanga ndani ya kizingiti, nikarudi nyuma hatua tatu kama inavyotakiwa.

Alikuwa ameshaingia ndani aliponiita.

"Shemeji, Jumamosi hii usije."

"Vyema."

"Njoo ile nyingine. Hii nataka kukaa peke yangu."

Nikamlipa dereva aende zake, nikarudi kivukoni kwa miguu.